Prodyuza anataka nisaini, Mzee anasema sijaiva

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 25, ni msichana, napiga saksofoni ya tena (tenor). Mchana ni karani wa hesabu. Usiku na mwisho wa wiki napiga kwenye bendi ya jazi ya watu watano inayoongozwa na mzee mmoja mpiga tarumbeta, ambaye yumo kwenye kazi hii tangu mimi sijazaliwa. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwake. Alinichukua nikiwa sijui hata pa kusimama jukwaani, na karibu kila ninachokijua cha maana nimekipata mikononi mwake.

Miezi michache iliyopita mtu alinirekodi kwa simu nikipiga solo, ile zamu ya mpigaji mmoja kubuni papo hapo, akaitupia mtandaoni. Ikasambaa. Watu ambao hawajawahi kusikiliza jazi wakaanza kuniandikia, na tamasha moja likaniulizia mimi, si bendi. Ndipo akaja prodyuza. Anataka nitoe albamu kwa jina langu chini ya lebo yake, na amenipa mkataba wa kurasa kumi na moja na wiki mbili za kuamua.

Nilichoelewa humo ni hiki. Mkataba ni wa miaka mitano, na lebo ikitaka inaweza kuuongeza mara mbili. Rekodi zote zitakuwa mali yao milele. Nusu ya haki za nyimbo nitakazotunga ni yao. Asilimia 30 ya malipo ya kila shoo yangu iende kwao. Nyimbo na wapigaji watachagua wao, na sitarekodi na mtu mwingine yeyote bila ruhusa yao. Prodyuza anataka muziki laini, saksofoni juu ya midundo ya kompyuta. Kuna malipo ya awali, na kwangu ni pesa nyingi, karibu mshahara wangu wa mwaka mzima.

Nilimweleza Mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anafuta tarumbeta yake, akasema, "Hujaiva." Basi, hakuongeza neno. Sijui kama ananiambia ukweli au anaogopa kunipoteza. Mpiga drams anasema nikiichezea bahati hii nitakuja kujuta. Mpiga besi anasema nisitie saini kabla mwanasheria hajauona. Nyumbani wazazi hawataki kusikia habari ya kuacha kazi. Rafiki yangu naye ananishauri niachane na yote, niombe nafasi kwenye chuo cha jazi ng'ambo, kwa kuwa eti wote wanaojulikana wametokea huko.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Ile solo ya kwenye video ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Siku hizi watu wakiidai naipiga vile vile, noti kwa noti. Hata kwenye nyimbo nyingine, nikifika zamu yangu, najikuta naizunguka hiyo hiyo. Naogopa Mzee ameshaliona hilo.

Nisaini? Niache kazi? Nimwache Mzee?

Mpiga Tena


Marahaba, mwanangu.

Naanza na lile ulilolificha mpaka mwisho, kwa sababu ndilo lililobeba barua yako. Mimi nilipiga besi kwa miaka mingi nyuma ya wapiga saksofoni, na nakuhakikishia Mzee ameliona. Wa kwanza kujua kwamba mpiga solo ameacha kusikiliza ni watu wa nyuma. Mpiga drams anakutupia swali kwa snea, ile ngoma ndogo, hujibu. Mpiga piano anageuza hamonia, zile sauti zinazobeba wimbo, kidogo akungoje, wewe unapita moja kwa moja kwa sababu njia yako imeshapangwa tangu jana. Watazamaji wanashangilia, na wenzako nyuma wanatazamana.

Usijione umeharibikiwa. Limewapata wakubwa, tena kwenye ala yako hiyo hiyo. Mwaka 1942 kijana wa miaka 19, Illinois Jacquet, alirekodi solo moja ya tena akiwa na bendi ya Lionel Hampton. Ilipendwa mpaka ikageuka kuwa sehemu ya wimbo. Kila usiku watu waliidai, kila usiku akatakiwa kuwainua vitini kwa solo ile ile, mpaka ikamchosha. Aliondoka mwaka 1943, na waliofuata kwenye kiti chake, Arnett Cobb akiwa wa kwanza, wakairithi mzima mzima. Jacquet yeye alikwenda kwa Cab Calloway, halafu kwa Count Basie, akaishi na muziki wake hadi mwaka 2004. Angalia alichokifanya solo ilipombana: alienda kukaa katikati ya wapigaji wengine waliomlazimisha kusema maneno mengine.

Kwa hiyo ninapousoma mkataba wako, kifungu kinachonitia hofu kuliko vyote ni kile ulichokitaja haraka haraka, kwamba wapigaji na nyimbo watachagua wao, na hurekodi na mtu mwingine bila ruhusa. Asilimia zinaumiza, nitazifikia. Lakini mpiga jazi anakuzwa na watu anaopiga nao, na hicho ndicho wanachotaka kukuondolea. Midundo ya kompyuta haitakutupia swali hata siku moja. Utaipiga ile solo juu yake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hakuna atakayegeuza hamonia nyuma yako.

Vifungu vya namna hii ni vya zamani na vimewabana watu wazito. Mei 1953 mpiga saksofoni Charlie Parker alipiga na Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto. Onyesho lilirekodiwa, na Mingus na Roach wakalitoa kwenye lebo yao wenyewe ya Debut. Parker alikuwa amefungwa na mkataba wa lebo nyingine. Jina lake halikuweza kuandikwa. Kwenye jalada la kazi ile, anayepiga saksofoni ya alto anaitwa "Charlie Chan". Kama yeye alilazimika kujificha nyuma ya jina la uongo ili apige na rafiki zake, wewe mwenye miaka 25 na video moja utapata wapi nguvu ya kumwambia prodyuza kwamba kesho una rekodi na bendi ya mtu mwingine?

Na rekodi na bendi za watu wengine ndizo zitakazokupeleka mbele. Mtazame John Coltrane, maana wewe ni mpiga tena na jina lake halikukwepi. Alizaliwa mwaka 1926. Alikaa kwenye bendi ya Gillespie, akaenda kwa Earl Bostic, kisha kwa Johnny Hodges, na mwaka 1955 mpiga tarumbeta Miles Davis akamchukua. Albamu ya kwanza aliyoirekodi kama kiongozi ni ya mwaka 1957, akiwa na miaka 30. Mwaka huo huo ndipo alipokuwa usiku baada ya usiku na mpiga piano Thelonious Monk kwenye klabu ya Five Spot, New York, akijifunza nyimbo zilizokuwa zinamtoa jasho. Hapo kabla alikuwa anakusanya, kila bendi ikimwachia kitu ambacho nyingine haikuwa nacho. Sikuambii usubiri hadi miaka 30. Nakuambia kukaa kwenye bendi ya mtu si chumba cha kungojea. Ndiyo kazi yenyewe.

Sasa pesa. Twende polepole, maana hapa vijana wengi huingia mkenge.

Kwenye wimbo mmoja uliorekodiwa kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: ule wimbo wenyewe, hata usingerekodiwa na mtu. Ya pili ni rekodi: sauti iliyonaswa studio siku ile. Kila moja ina haki zake na mirabaha yake, yaani malipo kila inapotumika. Mkataba wako unachukua rekodi zote milele na nusu ya utunzi. Kampuni inayosimamia tungo hupata mgawo wake kwa sababu inafanya kazi: inautafutia wimbo filamu na matangazo, inafuatilia mirabaha, inashika wanaoutumia bila kulipa. Muulize prodyuza nusu hiyo anaichukua kwa kazi gani hasa, na kazi hiyo imeandikwa ukurasa wa ngapi. Kama haimo kwenye zile kurasa kumi na moja, anaichukua bure. Nawe, usaini usisaini, nenda ukajisajili kama mtunzi kwenye chama cha kukusanya mirabaha, kwa jina lako, na kila wimbo wako uandikishe. Mkitunga wawili au watatu, andikeni siku hiyo hiyo nani ana asilimia ngapi, mtie saini. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa ajili ya karatasi ambayo ingeandikwa kwa dakika tano.

Malipo ya awali si zawadi wala mshahara. Ni mirabaha yako mwenyewe unayopewa mapema. Yatakatwa kwenye fungu lako mpaka yaishe, na mara nyingi gharama za studio, video na matangazo zinarundikwa juu yake. Majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni yanalipa pesa kidogo mno kwa kila mara wimbo unaposikilizwa, na jazi haisikilizwi kwa wingi kama muziki wa kucheza. Hesabu hizi unaziweza kuliko mimi, ndiyo kazi yako ya mchana. Kaa na kalamu uone itachukua muda gani mpaka deni hilo liishe ndipo uanze kupata chako. Ukiona kwamba huenda lisiishe kabisa ndani ya mkataba, utajua hiyo pesa ya mwaka mzima umeuza nini kuipata.

Halafu ile asilimia 30 ya shoo. Wakala anayekutafutia kazi, anayepiga simu na kupanga safari, kwa kawaida huchukua asilimia 10 hadi 15. Meneja anayesimamia mambo yako yote huchukua kati ya 15 na 20. Hao wote wanakatwa kwa sababu wanakuletea. Lebo hii haijasema itakutafutia shoo hata moja, na inataka 30. Mpiga jazi anaishi kwa shoo, kwa kufundisha, kwa kuitwa studio kupigia watu na kwa kupanga muziki wa wengine. Rekodi humtangaza. Prodyuza haridhiki na mahali penye chakula kidogo, anakuja kula sahani yako.

Na ile miaka mitano inayoweza kuongezwa mara mbili, soma tena ni nani mwenye haki ya kuongeza. Ni wao peke yao. Ukifanikiwa watakushikilia kwa masharti ya leo. Usipofanikiwa watakuacha, na rekodi zikabaki kwenye kabati lao.

Msikilize mpiga besi. Nimesema hivyo si kwa sababu tunapiga ala moja! Mpelekee mwanasheria anayejua mikataba ya muziki, si yule anayeshughulika na mashamba na mirathi. Kisha mrudishie prodyuza masharti yako: albamu moja tu, rekodi ziwe zako na lebo ipewe kibali cha kuziuza kwa miaka kadhaa iliyotajwa, baadaye zirudi kwako, nyimbo na wapigaji uchague wewe, uwe huru kurekodi kama mpigaji kwenye kazi za wengine, na mgawo wa shoo uwe kwa shoo walizokutafutia wao tu. Akikubali, kaeni mezani. Akikasirika na kukukumbusha wiki mbili zake, umeshapata jibu. Anayeamini muziki wako hatashindwa kungoja mwezi. Anayetaka kuwahi video kabla haijapoa ndiye mwenye haraka.

Usidhani ukikataa mlango huu hakuna mwingine. Betty Carter, mwimbaji aliyekuwa na masikio makali kuliko wapigaji wengi, aliona lebo zinataka kumfanya mtu mwingine. Akaanzisha yake, Bet-Car, akauza rekodi zake mwenyewe kwa miaka huku akizunguka na vijana aliowapika jukwaani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lebo ya Verve ilipomfuata, hata zile rekodi za Bet-Car ikazitoa upya. Alikwenda mezani akiwa na mali mkononi. Na wa siku hizi: Melissa Aldana kutoka Chile, mpiga tena kama wewe, albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2010 kwenye Inner Circle, lebo ndogo ya mpiga saksofoni mwenzake, Greg Osby. Mwaka 2013 akashinda shindano la kimataifa lililokuwa likiitwa kwa jina la Thelonious Monk, mwanamke wa kwanza mpiga ala kulishinda. Lebo kubwa ya Blue Note walikuja baadaye sana. Mtafute umsikilize, na usikilize hasa anavyowaachia nafasi wenzake.

Albamu ya jazi yenyewe haihitaji utajiri. Bendi ndogo iliyofanya mazoezi ya kutosha, ikiwa na nyimbo ilizokwisha kuzipiga jukwaani, inaweza kumaliza kurekodi kwa siku moja au mbili. Blue Note ya zamani ilisifika kwa kuwalipa wapigaji siku za mazoezi kabla ya kuingia studio, na ndiyo maana rekodi zile zimekaa sawa. Pesa itakayokuwepo, tia kwenye mazoezi kabla ya jalada na picha.

Nije kwa Mzee.

Neno "hujaiva" limekuchoma, naelewa. Lakini umelibeba siku zote hizi bila kulifungua. Nenda kwake siku isiyo na shoo, mkiwa wawili, umuulize: "Mzee, sijaiva wapi?" Jibu lake litakuambia yote mawili unayotaka kujua. Kama anakutakia mema atakuambia mambo unayoweza kuyashika: unakimbiza mwendo, hujui mwisho wa nyimbo za polepole, unapiga solo hiyo hiyo. Kama hana la kukuambia zaidi ya kwamba bado, basi anaogopa kiti kubaki wazi, nalo ni jambo la kibinadamu. Utamheshimu vile vile, lakini neno lake halitakuwa hukumu.

Kuondoka kwa kiongozi si usaliti, mwanangu, usilale na mzigo huo. Mwaka 1922 King Oliver alimwita Louis Armstrong Chicago apige koneti, ala ya jamii ya tarumbeta, ya pili nyuma yake. Armstrong alimpenda Oliver kama baba, na alijifunza kazi kubwa sana pale: kusikia kiongozi anaelekea wapi na kumpambia sauti juu kwa juu bila kumfunika. Mwaka 1924 alitoka akaenda New York kwa Fletcher Henderson. Aliyemsukuma kutoka ni Lil Hardin, mpiga piano wa bendi ile ile, aliyekuwa mkewe, kwa sababu aliona koneti ya pili imeshampa yote iliyokuwa nayo. Kundi lake mwenyewe likaanza kurekodi mwishoni mwa mwaka 1925. Alipitia bendi za wakubwa kabla ya kundi lake, na hakuna aliyesema alimtupa mtu. Mpiga drams Art Blakey naye aliiongoza bendi ya Jazz Messengers kwa zaidi ya miaka 30, na kuingia na kutoka kwa vijana ndiko kulikokuwa uhai wa bendi ile. Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard na Wynton Marsalis wote walipitia pale, na aliwataka walete tungo zao bendi izipige.

Hilo la tungo mwombe Mzee. Mpelekee wimbo wako mmoja. Hapo utajua anakuona mtoto au anakuona mpigaji.

Ushauri wangu ni ubaki kwake kwa sasa, lakini usibaki kwake peke yake. Anzisha usiku wako mdogo, hata mara moja kwa mwezi: wewe, besi na drams, bila piano. Nasema bila piano kwa makusudi. Piano ikiondoka, hamonia inabaki mabegani mwako na pa kujificha hapapo. Sonny Rollins alirekodi hivyo mwaka 1957, tena na besi na drams tu, na kila mpiga tena aliyefuata amelazimika kujibu swali lile. Rollins huyo huyo, akiwa tayari nyota, alijiondoa kwenye shoo mwaka 1959 hadi 1961, akawa anafanyia mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, kwa kuwa alihisi anachokitoa hakilingani na sifa anazopewa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hajaiva. Alijisikia mwenyewe.

Kuhusu ile solo iliyokuganda, kuna dawa ya kazi. Kwenye shoo ijayo, jiwekee sharti kwamba hutaanza solo yako ila kwa kifungu cha mwisho alichokipiga aliyekutangulia. Mzee akimaliza kwa noti nne zinazoshuka, wewe anza na zile zile nne, zigeuze, uzipeleke kwingine. Huwezi kufanya hivyo kama hukumsikiliza, na ile solo ya video haina mahali pa kuingilia. Nyumbani, chukua bluzi ya vipimo 12, upige mizunguko kadhaa kwa noti tatu tu. Noti zikiisha utaanza kutafuta mdundo, kimya, sauti ya chini, kuchelewa kidogo. Kisha jifunze maneno ya nyimbo za polepole hata kama huimbi. Lester Young, mpiga tena wa zamani, alilishikilia sana hilo, na ukimsikiliza unaona anapumua pale mwimbaji angepumua.

Nenda pia kwenye usiku wa jamu, wapigaji wanapopanda bila kupangiwa. Huko ndiko utakakoshikwa pabaya kwa faida yako. Kiongozi anakuonyesha vidole vitatu vinavyoelekea chini, maana yake ufunguo wa flati tatu, na wimbo wenyewe hukuupiga kwa ufunguo huo maishani. Anajigusa utosini, mnarudi kwenye mwanzo wa wimbo. Hakuna anayeijua video yako, au kama anaijua haimhusu. Ukitoka pale umeweza kumaliza wimbo bila kuanguka, utakuwa umepata namba za simu mbili tatu za watu watakaokuita siku mpigaji wao akiugua. Kazi nyingi za jazi hupatikana hivyo. Fika mapema, vaa walivyokubaliana, ujue nyimbo, usiwe na maneno mengi. Wanaoitwa tena na tena si lazima wawe wakali kuliko wote.

Kazi yako ya mchana usiiache mwaka huu. Wazazi hawajakosea kuhusu mshahara, ingawa wamekosea kuhusu muziki. Wes Montgomery alikuwa akifanya kazi kiwandani mchana na kupiga gitaa klabu usiku huko Indianapolis, na lebo ya Riverside ilipomchukua mwaka 1959 baada ya mpiga saksofoni Cannonball Adderley kumsikia, alikuwa na miaka 36. Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki wa hali ya juu, aliwahi kuiweka tromboni pembeni akafanya kazi ya ofisi, na mwaka 1956 alikuwemo kwenye bendi kubwa ya Dizzy Gillespie iliyotumwa nje na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mshahara wako ndio unaokupa uwezo wa kumwambia prodyuza hapana. Pesa ya shoo na ya kufundisha ikikulipia miezi kadhaa mfululizo, hapo uliza tena habari ya kupunguza siku za kazi.

Chuo si lazima, na si kitu kibaya. Miles Davis alikwenda New York mwaka 1944 kusoma chuo cha muziki cha Juilliard, akaacha, kwa sababu Parker alikuwa mji ule ule. Aldana alisoma chuo cha muziki cha Berklee. Chuo kinakupa mambo mawili, muda na wenzako wa rika lako. Ukipata ufadhili kamili, omba. Kukopa pesa nyingi ili usome ala ambayo Mzee anakufundisha kila wiki huku anakulipa, hapo mimi sikuungi mkono.

Mwisho, lile tamasha. Umelitaja kwa mstari mmoja ukapita, na ndilo jambo jema kuliko yote yaliyokupata. Wajibu wiki hii, kabla ya prodyuza. Waulize seti ni ya dakika ngapi, wanalipa lini, nani anagharamia usafiri na malazi ya bendi, na kama wanarekodi, rekodi ni ya nani. Kisha mwite mpiga besi na mpiga drams muanze mazoezi ya seti hiyo, na mpelekee Mzee orodha ya nyimbo aikague. Prodyuza naye mjibu kwa barua pepe, usimjibu kwa simu, ili kila atakachokuahidi kuanzia leo kiwe kimeandikwa. Ukishapata majibu ya mwanasheria, niandikie tena, na utaje hasa alivyosema kuhusu kile kifungu cha kurekodi na wengine.

Shangazi